Alhamisi ya Wageni wa Leseni

Nyumba yetu ya Athi River ilikuwa upande unaopokea upepo kutoka kiwanda cha simiti. Vumbi lilitua kwenye mabati, kwenye viti, kwenye sukuma wiki. Mama alikuwa akikohoa miaka mingi, na daktari alimwonya kwamba kifua chake hakitapona akiendelea kuvuta vumbi lile. Kuhama hatungeweza. Kipande kile cha ardhi ndicho baba alichotuachia.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, tena mwepesi wa hasira. Niliposikia leseni ya kiwanda inakaribia kufanywa upya na majirani wanaruhusiwa kulalamika, niliandika barua ya kurasa tatu kwa ofisi ya mazingira, Machakos mjini. Nilitaka kiwanda kilazimishwe kwanza kuweka vichujio vya kuzuia vumbi. Sikutarajia jibu, lakini lilikuja: maafisa wangefika Alhamisi kujionea wenyewe.

Nikamwambia mama, "Alhamisi tuko na wageni wa serikali." Sikueleza zaidi, na sijajisamehe hadi leo.

Alhamisi mchana niliwapokea maafisa wawili barabarani, nikawaleta nyumbani. Nyumba iling'aa. Mama alikuwa amewapandisha binamu zangu juu ya paa na ndoo za maji, mabati yakasuguliwa. Hata majani ya mpapai yalikuwa yamepanguswa. Viti vilitandikwa vitambaa vyeupe. Yeye mwenyewe alisimama mlangoni na leso mpya, akihema, akitabasamu, chai tayari.

Afisa mkubwa alipitisha kidole mezani, akakitazama.

"Mama, hiyo vumbi iko wapi?"

"Nimetoa yote," mama akajibu kwa fahari. "Sasa wageni wakalie uchafu?"

Nilieleza mpaka sauti ikanipanda. Afisa alinisikiliza kwa upole.

"Mwalimu, mimi naandika kile nimeona."

Wakanywa chai, wakamshukuru mama, wakaenda. Leseni ilitolewa, na vichujio havikutajwa popote.

Jioni ile nilimfokea. "Mwaitu, umeniaibisha!" Mama yangu mzazi, ambaye kwa Kikamba chetu tunamwita mwaitu, nikamwambia hivyo. Alikusanya vikombe, kisha akauliza, "Kwani ningejua wanakuja kuona uchafu wetu?"

Kifua kilimwondoa kabla leseni ile haijaisha muda wake.

Siku ya mazishi shangazi zangu walishika vitambaa wapanguse viti vya waombolezaji. Nikawazuia. "Wacheni hivyo. Wacha watu waone." Watu wakakaa, wakainuka na weupe wa vumbi kwenye nguo zao nyeusi, na wengine wakajikung'uta kwa siri ili wasituudhi. Hakuwepo hata mmoja aliyetoka ofisi ya mazingira. Nilimwona mzee mmoja akitafuta mahali safi pa kuketi, nikajua jinsi mama angeona haya. Niliumia sana. Nikaokota kitambaa, nikaanza kumpangusia kiti.