Homa Iliyomjua Bibi

Majina yao wote ninayo kichwani, hata ya ng'ombe, lakini hapa siyaandiki. Wengine wana wajukuu Kenyamonta mpaka leo.

Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili, nalelewa na bibi mzaa mama. Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo alifanya kama wanawake wa kwetu wanavyofanya: alitoa ng'ombe akaoa msichana, amzalie wajukuu na mwanamume wa nje, wabaki na boma. Hiyo ndiyo tunaita nyumba ntobhu. Na ng'ombe wenyewe walikuwa wa mahari ya mama yangu. Nikaambiwa yule msichana nimwite mke wa mjomba.

"Mjomba yupi?" nikamuuliza bibi. "Nionyeshe nikampe shikamoo."

Bibi akanituma kuni. Mke wake akapewa ngozi ya kulalia karibu naye, mahali pangu, na mimi nikahamishiwa upande wa mbuzi. Jina lile sikulitamka. Nikitaka kumwita nilikohoa tu.

Mwaka huohuo ikaja homa ngeni. Watu walirudi kutoka mnadani Tarime wanakohoa, na ndani ya wiki moja vijana wenye nguvu zao walikuwa wamelala chini. Cha ajabu, vikongwe walikuwa wanatembea, wanachota maji. Yule msichana naye akaanguka. Bibi akawa anamnywesha uji wa ulezi kwa kibuyu changu mimi, anamfuta jasho, anamwita mwanangu. Mimi nilileta kuni nikiwa mzima kabisa, na hakuna aliyeniangalia. Uzima wangu ulinichukiza.

"Wewe bibi, huogopi?"

"Kabla sijaolewa ilipita homa moja," akasema. "Kichwa kiliuma hivihivi, mgongo hivihivi. Ilinilaza mpaka nikasahau jina langu. Hii ni ndugu yake ile. Mwili wangu umeshaitambua sura."

"Basi na mimi nataka niitambue."

Alicheka, akidhani natania. Alipotoka nje, nilichukua kibuyu nikanywa uji wote ambao mgonjwa aliubakiza.

Siku ya tatu nikaanguka, tena vibaya kuliko yeye. Bibi akatulaza kwenye ngozi moja. Pamoja na kichwa kuniuma vile, nilikuwa naangalia nani anapewa uji kwanza. Kila mara alikuwa yeye.

"Kwa nini anaanza yeye?"

"Kwa sababu wewe ukikosa utalia. Yeye akikosa atanyamaza."

"Mpe yeye kwanza, mama," yule msichana akasema kwa sauti iliyokauka. "Makelele yake yananiumiza kichwa."

Tukapona. Baada ya mavuno homa ikarudi, na safari hii mama yangu alikuja kututembelea kutoka Nyambureti alikoolewa, akaangukia kwetu. Bibi alikuwa mzima, na sisi wawili tulikuwa wazima. Watoto wenzangu wa jirani waliugua, mimi hata kikohozi sikupata. Nilijiona mkubwa kama bibi. Nikawahi kibuyu kabla yule msichana hajanawa mikono, nikampelekea mama yangu uji.

Mama alikunywa mafunda mawili, mengine yakamwagikia shingoni. Akasukuma mkono wangu.

"Niitie wifi yangu," akasema. "Yeye hatanimwagia."

Nikasimama mlangoni na kibuyu changu. Msichana alikuwa uani, amenipa mgongo. Nikakohoa. Hakugeuka. Nikakohoa tena, na mama ndani alikuwa anangoja na kiu.

"Mke wa mjomba," nikasema. "Unaitwa."

Alikuja akijifuta mikono, akapokea kibuyu, akaingia. Hakunicheka. Angenicheka ingekuwa afadhali.

Homa ile haikunirudia. Wivu ndio niliugua tena na tena, hata siku mke wa mjomba alipojifungua mtoto wa kiume, bibi akamwekea mtoto kibuyu kile kiwe chake.