Nani Asimame Besi ya Tatu

Kocha wa wachezaji wa ndani anaitwa Rula. Jina alilopewa na wazazi wake liko kwenye kitambulisho na halina kazi nyingine. Anaitwa Rula kwa sababu anapima kila kitu. Uwanja anaupima kwa hatua kila asubuhi, kana kwamba usiku kuna mtu amekuja kuuvuta. Chai anaweka sukari kijiko kimoja na nusu, na hiyo nusu anaisawazisha kwa kidole. Mkewe alishaacha kucheka.

Niwaeleze mchezo haraka, maana najua wengi wenu mmezoea mpira wa miguu. Kwenye besiboli kuna watu wanne wanaosimama ndani, karibu na mpigaji, kazi yao kuzoa mipira inayokuja ikipiga chini. Besi ni vituo ambavyo mpigaji anavikimbilia. Besi ya kwanza anakaa mrefu wa kudaka. Besi ya pili anakaa mwepesi. Katikati ya besi ya pili na ya tatu anakaa fundi, yule anayeruka huku na huku. Besi ya tatu anakaa mwenye macho. Pale mpira unakufikia kabla hujamaliza kuwaza. Ukikosea sehemu nyingine, timu inafungwa. Ukikosea besi ya tatu, unaenda kushonwa.

Kazi ya Rula ni kuamua nani asimame wapi. Mwaka huu alikuwa na vijana tisa wa miaka kumi na sita, kumi na saba, na nafasi nne. Jumamosi wasaka vipaji wa klabu kubwa walikuwa wanakuja kuangalia mechi moja tu, vijana wetu dhidi ya timu ya watu wazima wa kiwanda cha mbao. Ukipangwa ukacheza vizuri, unaingia kambi ya mwaka mzima. Usipopangwa, unachukua begi lako unarudi kwenu. Hakuna rufaa.

Na Rula hapangi kwa kubahatisha. Kila asubuhi anamwaga maji uwanjani kwa bomba mpaka vumbi litulie, anaokota vijiwe kimoja kimoja, halafu anachukua gongo lake jembamba na kumpigia kila kijana mipira arobaini. Gongo likigonga mpira anahesabu kimoyomoyo. Mguu wa kijana ukinyanyuka kabla hajafika "moja", anapata alama. Ukichelewa, hana kitu. Jioni anaandika kwenye daftari. Amefanya hivyo miaka kumi na tano, na hajawahi kubishana na daftari lake.

Hapo ndipo shida ilipokuwa imelala, na hakuna aliyeisikia ikikoroma.

Daftari lilisema besi ya tatu ni ya Spidi, alama thelathini na nane kati ya arobaini. Spidi ni mtoto wa dada yake Rula. Watu wakanong'ona, mjomba kambeba mpwa. Rula akawaonyesha daftari, wakanyamaza. Wa pili alikuwa Kimya, alama thelathini na sita, kijana anayeweza kumaliza wiki nzima kwa maneno kumi.

Jumatano goti la Rula likavimba kama boga. Hakuweza kusimama kupiga. Kocha wa warushaji, wale wanaomtupia mpigaji mpira, mtu mnene mwenye maneno mengi, akamnyang'anya gongo.

"Kaa kwenye kiti, Rula. Uzeeke kwa heshima."

"Piga mipira arobaini. Isipungue."

"Nitapiga arobaini na moja, huo mmoja zawadi ya goti."

Vijana wakacheka. Spidi akatangulia besi ya tatu. Mpira wa kwanza ukaenda kulia kwake. Spidi akaenda kushoto.

Hakuteleza. Alienda kushoto kwa nguvu zote, kwa uhakika, kama mtu anayewahi kwake. Mpira wa pili ukaja kushoto, yeye kulia. Wa tatu ulikuwa wa moto, wa kifuani, na Spidi alikuwa anakimbilia mbele kama anafuata mpira wa polepole. Ukampata begani. Akakaa chini, akashika bega, akatazama udongo.

Rula pale kwenye kiti hakuangalia bega. Aliangalia miguu. Na kwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na tano aliona kitu ambacho mtu anayepiga hawezi kukiona: mguu wa Spidi ulinyanyuka kabla gongo halijagusa mpira.

"Inatosha," akasema. "Leo basi."

"Bado wanane," kocha wa warushaji akasema.

"Nimesema basi."

Angewaacha wale wanane wapigiwe, ningeishia hapa. Lakini aliwafukuza uwanjani, akamwita mpwa wake stoo ya vifaa, akafunga mlango.

"Ulikuwa unakwenda wapi pale?"

"Nilishtuka tu, mjomba."

"Mara tatu?"

Spidi akachezea kamba ya glavu. "Wewe unapiga kwa mpango, mjomba. Kushoto, kulia, ya polepole, ya moto. Kisha unarudia. Siku zote."

"Mimi?"

"Hujui?"

Hakujua. Mkono wake ulikuwa na wimbo wake na yeye ndiye peke yake aliyekuwa haujui. Alama thelathini na nane za mpwa wake zilikuwa za kukariri. Macho hayakuhusika. Fikiria mtihani ambao mwalimu anauliza maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, miaka kumi na tano, halafu anashangaa darasa lina akili.

"Nani mwingine anajua?"

Kijana akaifunga kamba ya glavu, akaifungua tena. Akisema ukweli, wenzake wanane wanaenda na maji siku tatu kabla ya mechi. Ukimlaumu kwa kunyamaza, wewe hujawahi kuwa na marafiki.

"Ya wengine siyajui," akasema.

Rula akalichukua jibu hilo. Lilikuwa jepesi kubeba. Hakuuliza mara ya pili.

Alhamisi mchana dada yake akaja nyumbani. Aliingia mpaka jikoni bila hodi, mkoba begani.

"Kaka, mwanangu anasema umemwondoa."

"Wifi, kaa kwanza," mke wa Rula akasema.

"Sikai. Nimekuja kusikia kwa masikio yangu. Watu baki unawapanga, damu yako unaitupa?"

"Ndiyo maana nimemtoa. Ni damu yangu." Rula alikuwa ameweka goti kwenye stuli, barafu juu yake. "Hauoni mpira, dada. Amekariri. Akisimama pale Jumamosi atavunjwa uso mbele yako."

"Mwaka mzima unamsifu. Leo haoni?"

"Leo nimeona mimi."

Dada akamtazama, akatazama goti, akachomoa funguo za nyumba kwenye mkoba bila sababu, akazirudisha. "Akirudi nyumbani na begi, usije kwangu kula. Nakwambia mapema." Akatoka. Mlango hakuubamiza, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Alikunja shati zima kabla ya kusema.

"Na hao wengine?"

"Wengine nimewapima."

"Nani alikuwa anawapigia?"

"Mimi. Nani mwingine?"

Mama wa watu akamwangalia kidogo, akachukua shati lingine. Ndoa ya miaka ishirini inakufundisha pa kuishia. Lakini siku ile angeendelea tu. Angemchosha.

Ijumaa goti likapungua, Rula akashika gongo mwenyewe. Tuwe wakweli, alijaribu. Alimweka Kimya besi ya tatu na akajiambia leo anachanganya. Akaanza na kulia. Akafuata kushoto. Akapiga ya moto. Kimya akababaika kwenye hiyo mitatu, na Rula akasema kimoyomoyo, ni ubaridi wa asubuhi, mwili haujapata moto. Mpira wa nne mkono ukapata njia yake ya zamani. Kushoto, kulia, ya polepole, ya moto. Yeye alidhani bado anachanganya. Kimya akadaka mipira thelathini na saba iliyobaki bila jasho. Daftari likaandikwa thelathini na saba. Bora kuliko alama zake za mwanzo.

Saa nane orodha ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi. Waliopangwa wakapigana mabega. Kimya hakufurahi. Alisubiri wenzake waondoke, akasimama mlangoni.

"Kocha."

"Sema."

"Naomba nisimame besi ya pili."

"Kwa nini?"

"Naipenda."

"Nafasi haipangwi kwa kupenda. Una macho mazuri kuliko wote hapa."

Kimya akafungua mdomo. Rula alikuwa ameshainama anatafuta kofia ya kalamu chini ya meza. Alipoinuka, mlango ulikuwa mtupu.

Jumamosi jua lilikuwa kali, udongo umekauka na kuwa mgumu kama sakafu licha ya maji yote aliyomwaga. Udongo mgumu unaongeza mwendo wa mpira. Rula alijua hilo. Alienda besi ya tatu akaugonga kwa kisigino, akarudi benchi. Wasaka vipaji watatu walikaa chini ya mwavuli, miwani myeusi, makaratasi kwenye ubao. Dada yake alikuja, akasimama mbali kwenye uzio. Baba yake Kimya alikuja pia, shati limenyooshwa hadi kola, akamsalimia kila mtu mara mbili.

Raundi mbili zikapita na hakuna mpira uliokwenda besi ya tatu. Msaka kipaji mmoja akapiga miayo. Raundi ya tatu akaja mpigaji wa kiwanda, mikono kama nguzo, akakwangua udongo kwa kiatu, akasubiri.

Rula alikuwa anatazama miguu. Safari hii alikuwa benchi, hakuwa na gongo, na miguu ilionekana vizuri. Mrushaji akavuta mkono nyuma, akarusha. Mguu wa Kimya ukanyanyuka kwenda kushoto. Mpira ulikuwa bado uko angani, haujafika hata kwa mpigaji.

Rula akasimama. Alipata muda wa kusimama tu.

Mpigaji aliupiga, mpira ukagonga ukingo wa udongo ukapanda. Kimya alikuwa anageuka kuutafuta upande mwingine. Ukampata chini ya jicho. Mlio ulikuwa mdogo, kama mtu amevunja kijiti cha kuwashia moto. Hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, akaweka glavu kwenye uso kama anajikinga na jua, na glavu ikaanza kudondosha damu.

Gari la wasaka vipaji ndilo lililompeleka hospitali. Baba yake alipanda nyuma amemshikilia kichwa, lile shati halitamaniki. Kocha wa warushaji akapanda mbele.

Meneja wa klabu yetu akamfuata Rula benchi. "Mechi iendelee. Wageni wawili bado wapo. Ingiza Spidi."

"Spidi haoni mpira."

"Basi ingiza mwingine. Refa anasubiri."

Rula akageuka kwa vijana. Wale wa uwanjani walikuwa wamesogea karibu, glavu kwapani. Hakuna aliyemtazama usoni. Akauliza lile swali aliloliacha stoo siku ya Jumatano.

"Nani anajua mpango wangu wa kupiga?"

Spidi akainua mkono. Kisha wa besi ya kwanza. Kisha fundi, yule ambaye msaka kipaji mmoja alikuwa ameshamwandika. Vijana wanane, mikono minane.

"Tangu lini?"

"Tulifundishwa na waliotutangulia," wa besi ya kwanza akasema. "Siku ya kwanza tu. Ndiyo karibu yenyewe."

Rula akaenda kwa refa akichechemea. Akamwambia hana mtu wa besi ya tatu. Hana wa besi yoyote. Mechi imekwisha. Meneja akatukana, wageni wawili wakakunja makaratasi, na vijana wanane wakaanza kufunga mabegi ambayo kila mmoja alijua yanakwenda wapi. Dada yake akaondoka kwenye uzio, nyuma ya mwanawe, hatua tatu nyuma, bila kumgusa.

Simu ikalia. Kocha wa warushaji.

"Wanasema jicho hawawezi kuliongelea mpaka uvimbe ushuke. Kesho, labda keshokutwa."

"Ameongea?"

"Kidogo." Mlango wa wodi ukasikika ukifungwa. "Anauliza kama bado amepangwa."