Nukta Yangu Pembeni ya Mtaa

Mpwa wangu, mtoto wa dada, anasoma takwimu chuoni, na utafiti wake aliufanyia mtaani kwetu Nyakato. Kila baada ya miezi mitatu alipita nyumba kwa nyumba na maswali yaleyale: wiki hii umekaa ukaongea na nani? Ukiugua, nani atajua? Majibu aliyaingiza kwenye kompyuta. Kila mtu nukta, kila ujirani mstari. Kompyuta ikishaona mistari inavyozaliwa na kukatika, inakisia mtaa utakavyokuwa mbele.

Raundi ya kwanza nilikuwa na mistari saba, nikajisifu. Raundi ya pili mke wangu alikuwa Magu kwa mama yake, msimu wa mpunga. Nikabaki na mmoja.

"Huu ni wa nani?"

"Muuza maji, mjomba. Ile mingine ilikuwa ya anti."

"Na mwakani?"

Akageuza skrini. Nukta yangu imekaa pembeni peke yake kama mbuzi aliyekosa mnunuzi mnadani.

Nikamwambia kompyuta yake haijui kwamba mimi hukaa ndani kwa kupenda.

"Inajua. Ila ukianguka bafuni, mjomba, muuza maji anapita Jumanne tu."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nilioga kwa uangalifu mkubwa.

Kwetu mistari hupatikana msibani, na miaka yote mke wangu ndiye aliyekwenda kulia kwa niaba yetu wawili. Jumapili nikaona turubai kwa fundi cherehani, nyumba ya nne: viti vya plastiki, wanawake, masufuria. Nikavaa koti, nikainamisha kichwa, nikamshika fundi mikono yote miwili.

"Pole sana, jirani. Bwana alitoa, Bwana ametwaa."

"Ametwaa nini, mzee? Mwanangu kapata kipaimara."

Binti mwenyewe, gauni jeupe na soda mkononi, akaniamkia shikamoo. Nikaitikia kwa sauti ileile ya makaburini.

"Mwacheni," akasema mama mmoja kwenye masufuria. "Mtu hatoki mwaka mzima, sherehe atazijulia wapi?"

Nilitaka kukimbia, lakini tayari nilikuwa nimepakuliwa pilau.

Toka hapo kila apitaye getini lazima anigongee anipe pole: ya ubatizo, ya harusi, ya mwanawe kufaulu. Wengine wakishacheka wanakaa, wanaomba maji, wanaanza umbea. Raundi ya tatu mpwa wangu alihesabu mistari tisa.

"Mistari hii kompyuta haikuikisia," akalalamika.

"Iambie wapo wanaopendwa, na wapo wanaochekwa. Wote hutembelewa."

Mwezi uliofuata, mke wangu bado yuko Magu, malaria ikanilaza sakafuni, Alhamisi, na muuza maji keshapita. Saa tatu asubuhi fundi akagonga geti, hakuitikiwa, akaruka ukuta. Nyuma yake nilisikia mkewe akiwaita wengine. Wakaniinua wanne kunipeleka zahanati, wakibishana njia nzima nani alikuwa wa kwanza kugundua kwamba sijafagia uwanja. Nami katikati yao, na homa yangu yote, nilikuwa nikiwahesabu.