Kitako Kipya cha Gobore

Fundi huyu wa Runyenjes hana haja na penseli; anatumia masizi. Gatwiri amemletea gobore kuukuu la makumbusho, ambalo kitako chake kililiwa na mchwa. Anamtazama akiupitisha mtambo wa kufyatulia juu ya moshi wa koroboi, akiubonyeza kwenye kitako kipya, akiutoa, kisha akikwangua kwa patasi pale tu palipochafuka, kwani ndipo panapobana. Anarudia na kurudia, huku akivumisha puani wimbo wa kanisani. Kipande cha mti ni hicho kimoja, na maonyesho ni kesho.

“Fundi, si imeingia? Piga skrubu niende.”

“Imeingia, madam, lakini haijakaa.”

Wimbo ukakatika. Akifika hapo huwa haimbi. Hata pumzi anaivuta kwa kuiba. Akabandua ganda moja la mti, jembamba kama la kitunguu, akaurudisha mtambo, akaugonga kwa kiganja. Kisha akaligeuza gobore juu chini, bila skrubu hata moja. Gatwiri akakinga mikono haraka.

“Toa mikono, madam.”

Akalitikisa. Hakikuanguka kitu.

“Sasa lete skrubu,” akasema, wimbo ukimrudia puani. “Ni za kupamba tu.”