Shuka la Akaiti

Kwa wiki nyingi kitambaa cha zambarau kilikaa sandukuni, kingali na harufu ya dukani. Akaiti alikinunua ng'ambo, mjini Auckland, siku daktari alipomwambia saratani imeenea kwenye ini, arudi Mangaia akakae na watu wake. Kisiwani kwao mwanamke huzikwa na tivaivai, shuka la maua lililoshonwa na wenzake. Akaiti alilijua hilo tangu utotoni. Ila alihisi kwamba siku mkasi utakapogusa kitambaa kile, atakuwa ameshakiitikia kifo.

Na kilichomtesa kuliko maumivu ni aibu. Miaka yote amewafundisha watoto wa kanisa habari za ufufuo, na sasa akifumba macho aombe haoni kitu ila shimo pale uani, kando ya kaburi la mumewe.

Alhamisi wanawake wa kanisa walimfuata wenyewe, na mikeka yao na birika la chai.

"Kilete hicho kitambaa, shoga," alisema jirani yake, Nooroa. "Au unawawekea mende?"

"Mende wana haraka kuliko mimi," Akaiti akajibu. Wakacheka, naye akakitoa.

Mkataji alikuwa Mama Ngapoko. Walikunja kitambaa mpaka kikawa pembetatu nene, naye akaingiza mkasi bila kuchora hata mstari. Vipande vikaanguka sakafuni, vingine vikubwa kama kiganja. Akaiti alivitazama vikirundikana, akaliona ini lake.

"Basi, Mama! Utakimaliza!"

"Nyamaza, wewe. Unakodolea mkunjo mmoja tu."

"Si ndio ninaouona! Naogopa, Mama. Mimi mwalimu wa watoto, naogopa."

Hakuna aliyecheka. Mama akamaliza kukata, akawapa wenzake pembe washike. "Kunjueni. Polepole."

Kitambaa kikafunguka juu ya shuka jeupe walilolitandaza, mkunjo baada ya mkunjo. Ua likazaa ua, majani yakatazamana kutoka katikati hadi ukingoni, na kila palipokatwa ndipo ua lilipopata umbo lake. Akaiti akajikuta amepiga magoti. Hakuna kilichoongezwa pale. Kilikuwa kitambaa kile kile.

"Ulijua kitakuwa hivi?" akanong'ona.

Mama Ngapoko akajifuta macho. "Sijawahi kujua, mwanangu. Kila mara natetemeka mpaka kikunjuliwe. Namwachia Yeye."

Akaiti akaweka kiganja katikati ya ua, akafumba macho. Hofu ilikuwapo bado. Lakini shimo hakuliona, wala bustani ya peponi hakuiona. Aliona mkunjo tu, na mikono iliyoushika.

"Nipeni sindano," alisema. "Naanzia katikati. Nitakapoishia, Nooroa, uendelee wewe."

"Mishono yangu mibaya, unajua," Nooroa akasema huku machozi yakimtiririka.

"Najua. Nitakusema tukionana."