Mchele wa Bibi na Upepo wa Ziwa

Utotoni nilimwona bibi yangu akihukumiwa kwa kosa la kuleta upepo. Nilikuwa na miaka tisa. Sasa nina wajukuu, na hasira ile haijaniisha.

Ilikuwa miaka ya sabini, muda mfupi baada ya sisi watu wa Mpimbwe kuhamishiwa vijiji vipya. Mama mdogo alikuwa amejifungua kule Ikola, nasi tukateremka hadi Karema kupanda mashua ya tanga. Ni safari ya siku moja upepo ukiwa mzuri. Bibi alifungasha debe la unga, maharage, karanga, sufuria, na mfuko wa mchele kwa ajili ya mzazi. Abiria wenzetu, watu wazima sita, walikuwa na mihogo michache ya kuchemsha. Wakacheka.

"Bibi, unahama?" nahodha akauliza.

"Nimeshahama," bibi akajibu. "Tuliambiwa chakula tutakikuta huko huko. Tulikuta majani."

Kabla ya saa sita mchana upepo uligeuka, mawimbi yakaanza kuingia ndani ya mashua. Nahodha akatuingiza kwenye ghuba ndogo. Nyuma yetu mlima ulisimama wima, hata njia ya miguu hapakuwa nayo. Tukakwama. Mihogo yao iliisha siku ile ile. Kuanzia asubuhi iliyofuata sote tulikula ugali wa bibi. Yeye ndiye aliyesonga, na yeye ndiye aliyekula mwisho. Mchele tu hakuugusa.

Siku ya nne unga ukaisha, maharage na karanga pia; ukabaki mchele tu. Nahodha, akiwa bado analamba vidole, akasema ziwa lina mwiko wake: chakula cha safari kisizidi siku za safari.

"Ukibeba chakula cha wiki, ziwa linakupa wiki," alisema. "Bibi ndiye aliyetufunga hapa. Hicho kilichobaki kiende majini."

Nilisubiri mtu mmoja aseme neno. Watu waliokuwa wameshiba kwa mkono wake waliangalia mchanga. Mama mmoja, ambaye bibi alimwongezea mboga kila mlo kwa sababu alikuwa mjamzito, ndiye aliyefungua mdomo. "Bibi, tuonee huruma. Nyie wazee mmeshaishi." Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hasemi.

Nililia, nikaukumbatia ule mfuko. Bibi akanibandua vidole kimoja kimoja. Akaingia majini hadi magotini, akaumwaga mchele mwenyewe, polepole, mpaka punje ya mwisho.

Upepo haukujali. Ulivuma siku hiyo na kesho yake yote, na sisi tumbo tupu. Ulipotulia siku ya sita nahodha akasema, "Mmeona?" Wote wakasema wameona. Mama mdogo tulimfikia mikono mitupu, naye akanywa uji wa muhogo ulioombwa kwa jirani.

Nahodha ningeweza kumsamehe. Aliogopa, na mwenye hofu hutafuta wa kumtwika. Nisichoweza kusamehe ni safari ya kurudi. Bibi alibeba viazi vitamu vinne tu, na ziwa likatulia kama maji ya kwenye karai, hadi Karema. Nahodha akamtazama, akatabasamu. Na bibi yangu, mwanamke aliyelisha mashua nzima siku tatu, akainamisha kichwa akasema, "Kweli, mwanangu. Nilikosa."

Alikufa akiamini hivyo. Nilipokwenda shule ya bweni alifungua mfuko wangu akatoa nusu ya karanga, akanong'ona nisije nikaita njaa.

Mimi nabeba. Wanangu wananicheka kwamba safari ya saa chache kwa basi nafungasha chakula cha siku tatu. Mwaka juzi basi la Inyonga lilizama kwenye tope la mvua, tukashinda na kulala porini. Abiria wakaanza kunisogelea, mmoja mmoja. Niliwagawia wote. Ila kila aliyenyoosha mkono nilimtaka kwanza aseme, kwa sauti, wenzake wasikie: "Mama, si wewe uliyeleta mvua."