Nia Niliyomwandikia Mama

Mimi sikuwa mtu wa mambo ya mwezi. Nauza mitumba soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, sweta na nguo za watoto, na mtu anayeshinda amesimama akibishana bei na wanawake wa Kisii hana nafasi ya kutazama mbinguni. Nilianza kuutazama mwezi kwa sababu mama yangu alikuwa amepoteza maneno yote isipokuwa moja.

Kiharusi kilimpata akichuma chai huko kwetu Nyamira. Miguu kilimwachia, mkono wa kulia ukarudi baada ya wiki kadhaa, lakini maneno kilikwenda nayo. Lililobaki lilikuwa buya. Kwa Ekegusii, lugha yetu, buya ni vizuri, ni sawa, ndilo jibu la kila salamu. Ukimuuliza kama amekula, buya. Ukimuuliza kama anaumwa, buya. Siku moja alishika sufuria ya moto mbele yangu, ngozi ikambabuka, machozi yanamtiririka, na mdomo unasema buya, buya, buya. Nilitoka nje nikaupiga teke mlango wa choo mpaka bawaba moja ikang'oka.

Hasira hizo nimezirithi kwake. Mama alikuwa shemasi wa kanisa la Sabato kwa miaka na mikaka, na alikuwa na mdomo, jamani. Aliweza kukusuta kutoka ng'ambo ya bonde na ukasikia kila neno. Nilipomwacha mume wangu, mama aliniambia nisikanyage kwake mpaka nirudi kwa mwenyewe. Nikamjibu vibaya, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mwaka mzima hatukusemezana. Simu iliyonirudisha nyumbani ilikuwa ya mke wa kaka yangu, akiniambia mama ameanguka.

Kwa hiyo sikutaka mama aongee ili aende kanisani akashuhudie. Nilitaka aniambie kama bado amenikasirikia. Hata kama angenitukana, ningefurahi. Nilikuwa nikimwita baba, kwa maana sisi Wagusii mama ndiye tunayemwita hivyo, nikimwambia, baba, umenisamehe? Naye ananitazama usoni na kusema buya. Lakini hata kwa ile sufuria alisema buya, sasa ningejuaje?

Tulijaribu kila kitu. Wazee wa kanisa walimpaka mafuta. Mtaalamu wa mazoezi ya kuongea, mjini Kisii, alituambia kwamba kama kuna kitu kitarudi basi kitarudi ndani ya mwaka wa kwanza, na kwamba lazima asemeshwe kila siku kwa lugha yake. Mke wa kaka alimsemesha kweli, masikini, kutwa kucha mpaka sauti ikamkauka. Mwaka ulikuwa unaisha.

Ndipo mvua ikanyesha sokoni, wateja wakakimbia, nami nikabaki chini ya turubai na simu. Nikaona video ya mwanamke mmoja wa Nairobi mwenye sauti ya upole na mishumaa nyuma yake. Mwezi ukiandama, alisema, andika nia yako kwenye karatasi. Nia moja, si kumi. Uisome kwa sauti chini ya mwezi. Ukifika mwezi mpevu, choma karatasi hiyo na jivu ulipe mmea unaokua. Kama nia ni ya mtu mwingine, weka pamoja na karatasi kitu kidogo cha mwili wake, na yeye mwenyewe akae nje mwezi umwangaze. Niliitazama mara nne mpaka bando likaisha.

"Wewe sasa umekuwa mganga?" jirani yangu wa kibanda aliniuliza.

"Hebu uza soksi zako huko," nikamwambia.

Lakini aibu ilinipata. Nilijua mama mwenyewe, angekuwa na mdomo wake, angenifukuza na jembe. Nikajiambia hakuna ubaya, ni karatasi tu. Mtu akikata tamaa hujidanganya hata mchana kweupe.

Mwezi wa kwanza sikuuona. Mtu anayezijua jioni za Nyamira anajua mawingu yale, yanashuka juu ya chai kama blanketi lililoloa. Niliisoma nia yangu kwa mawingu. Mwezi wa pili ulitoka, mwembamba kama ukucha, jua likiwa limetoka kuzama. Nilimkalisha mama uani kwenye kiti cha plastiki, nikamfungua kitambaa cha kichwa, nikamkata nywele kidogo nyuma ya sikio. Zilikuwa nyeupe pe. Nikasoma: mama aseme nami.

Mama aliutazama ule mwezi muda mrefu. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya maishani mwake. Alitema mate kidogo kuelekea mwezini, taratibu, namna wazee wa zamani walivyokuwa wakibariki. Mdomo wake ukachezacheza, ukatafuta, ukakosa. Wanawake waliokuwa wakitoka kituo cha kuuzia chai na vikapu vitupu wakapita kando ya ua, wakatusalimu, mama akajibu buya. Mmoja wao aligeuka kututazama mara ya pili. Niliona, nikapuuza.

Mwezi ulipojaa nilichoma karatasi ndani ya kopo jioni, giza halijaingia sawasawa. Kwa sababu ya unyevu haikuungua yote, na nywele zilikunjamana tu zikatoa harufu. Nikatafuta mmea wa kuupa jivu. Migomba yetu ilikuwa imenyauka kwa ugonjwa, majani ya manjano yananing'inia, nami nikaona si vizuri kuzika nia ya mama kwenye kitu kinachokufa. Mgomba mmoja tu ulikuwa mzima, ule wa mpakani. Nikachimba kwa kijiti nikafukia jivu na mabaki yote hapo. Mwezi wa tatu nikafanya vilevile, mgomba uleule.

Haki ya Mungu, mimi nimezaliwa pale. Nimekua pale. Mtoto wa miaka saba wa kijiji chetu angekuambia kwamba nywele za mzee hazizikwi mpakani mwa jirani. Huko kwetu hakuna atakayekuuliza nia yako ilikuwa nini. Nimewahi, nikiwa msichana, kuona nyumba ya ajuza mmoja ikiungua huku watu wamesimama wakitazama, na najua ilikuwa kwa sababu ya kitu kidogo kuliko hicho. Na bado nilichimba, nikafukia, nikakanyaga kwa kiatu, nikajipanguza mikono nikaenda kunywa chai. Nilikuwa nimejawa na yale maneno ya simu, nikayaweka juu ya kila nilichofundishwa nyumbani.

Mwezi wa nne ulikuwa haujajaa bado. Ng'ombe wa jirani, wa gredi, aliyekuwa akimtegemea kwa maziwa, alitoa ndama aliyekufa, na baada ya siku tatu ng'ombe naye akafa. Jirani akaenda mpakani kupanda nepia, majani ya kulisha ng'ombe wake waliobaki. Jembe lake likafukua.

Walikuja Sabato alasiri, baada ya kanisa, nami nilikuwa nyumbani. Jirani, mzee wa kanisa, na watu wengine waliosimama nje ya ua bila kuingia. Jirani alikuwa amebeba vile vitu juu ya jani la mgomba, kwa maana hakuna aliyetaka kuvigusa kwa mkono. Karatasi ilikuwa imeoza kwa mvua, mwandiko wangu umefutika. Nywele hazikuwa zimeoza. Watu wote walitazama lile jani, kisha wakatazama kichwa cha mama.

Mzee wa kanisa hakuwa mtu mbaya. Alichuchumaa mbele ya kiti cha mama, akamuuliza kwa heshima, kama anavyoitwa mama mtu mzima kwetu, "Mong'ina, hivi ni nini?"

"Buya," mama akasema.

"Ni wewe uliyevizika?"

"Buya."

"Ulikuwa unataka nini kwa ng'ombe wa mwenzako?"

"Buya. Buya."

Mwanamke mmoja nje ya ua akaanza kulia. Mwingine akasema kwamba yeye kwa macho yake alimwona mong'ina akitema mate kwa mwezi, na mtu akamwambia anyamaze, siku ya Bwana hayasemwi mambo kama hayo.

Ingekuwa rahisi mno. Ningesema, muulizeni kama yeye ni ng'ombe, atawaambia buya! Muulizeni kama amekufa! Mimi ninayegombana na wateja tangu asubuhi mpaka jioni, mimi ambaye soko zima linanijua kwa mdomo, ningesimama tu niseme, ni mimi, ni mambo ya simu, ni upuzi wangu. Mama aligeuza kichwa akanitazama. Alikuwepo kila jioni ya karatasi zile, alijua vizuri mikono iliyochimba ni ya nani. Nami nikamtazama kuku aliyekuwa akiparua karibu na mlango. Nilimtazama kuku yule mpaka leo naweza kukuchorea manyoya yake.

"Na wewe dada," mzee wa kanisa akaniuliza, "unajua lolote?"

"Sijui," nikasema.

Niliogopa. Sina neno jingine la kulipamba jambo hilo. Niliogopa wale waliosimama nje ya ua, niliogopa jinsi nitakavyotazamwa sokoni, na nikajiambia, Mungu anisamehe, kwamba mzee mgonjwa watamhurumia kuliko mimi niliyeacha mume. Mke wa kaka yangu alinitazama. Nadhani alijua. Lakini naye ana watoto wa kulea pale.

Mzee wa kanisa alinivuta kando. Aliniambia nimtoe mama leo leo, kabla vijana wa kule senta, pale madukani, hawajasikia. Nikaikumbuka ile nyumba ya ajuza. Tulimfungia nguo kwenye shuka. Alipanda bodaboda katikati, kati yangu na dereva, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Watu walitupisha njia. Alikuwa ameishi pale tangu aolewe, na hakuna hata mmoja aliyempungia mkono.

Sasa tunaishi chumba kimoja mtaa wa Nyanchwa, mjini Kisii. Asubuhi nampa uji na kumkalisha dirishani, kisha naenda sokoni. Majirani ni watu wema, wanamsalimu kwa Kiswahili wakipita, mama hageuki. Sabato kwaya zinasikika kutoka kanisani, nyimbo anazozijua zote, na huwa namtazama mdomo. Hauchezi. Tangu siku ile tuliyotoka Nyamira hajasema hata buya. Mtaalamu alimpima tena, akaandika, akaniambia nisitegemee. Mwaka umekwisha. Nyumbani hatuwezi kurudi, kaka amenitumia ujumbe kwamba hata kumzika kule, itabidi wazee wakae kwanza waongee.

Juzi jioni niliporudi nilishindwa kula. Nilipiga magoti mbele ya kitanda chake nikamwambia yote kwa Ekegusii, ili lisimpite hata neno. Baba, ni mimi niliyezika. Nilikuwa nataka uongee nami. Waliponiuliza nilisema sijui, na wewe ulikuwa unanitazama. Nikamwambia hasira yako ya zamani na hii mpya zote ni haki yako, nipe tu moja nijue. Nilikuwa nalia kama mtoto, kamasi na machozi, nikirudia yale yale.

Aliinua mkono wa kulia akaniziba mdomo. Una nguvu bado ule mkono, ni wa mchuma chai. Hakunipiga wala hakunipapasa, alinishika mdomo tu mpaka nikanyamaza. Kisha akautoa, akageukia ukutani, akajivutia shuka. Nilikaa pale sakafuni nikimngoja, na baadaye nikasikia kwa pumzi zake kwamba amelala.